Mfuko Haukaushi Mahindi

Juma lililopita msomaji mmoja wa Songea alinitumia picha ya mahindi yake, aliyoyahifadhi katika mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhi nafaka bila kuingiza hewa, na ambayo sasa yananuka chachu kama pombe ya kienyeji na baadhi yameota ukungu. Aliniuliza kwa uchungu ni nani aliyemwuzia mifuko feki. Nilimwuliza swali moja tu, kama alipima unyevu kabla ya kufunga, naye akajibu kwamba alipasua punje kwa meno, zikavunjika kwa mlio, akaridhika. Mifuko yake haina kosa. Nilimshauri asiyapeleke mahindi hayo kwa mifugo wala kwa mama muuza pombe, kama wengi wanavyofanya, maana sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, haiondoki kwa kupikwa, na hupita kwa mnyama ikamrudia mtu kupitia maziwa.

Mifuko hii ilianzia kwenye kunde nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Mfuko wa nje umefumwa na ndani yake kuna mifuko miwili ya plastiki; ukifungwa vizuri, wadudu waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa bila dawa yoyote. Lakini plastiki isiyoingiza hewa haitoi unyevu pia, kwa hiyo maji utakayoyafungia ndani Julai utayakuta humo humo Desemba. Ndiyo sababu watafiti wanasisitiza mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, kiwango ambacho jino la binadamu, hata la babu yangu aliyelima maisha yake yote, haliwezi kukipima.

Asiye na mashine ya kupimia atumie chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Ikianguka chini yote, umeshuka chini ya hapo. Angalia lakini kwamba 15 si 13.5. Mimi chumvi ikishaanguka huanika tena, ndipo ninapofunga, na majirani wananiita mwoga.

Woga huo una historia yake. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, mzigo wangu kutoka Kiteto, mkoani Manyara, ulikuwa umekwisha kufika sokoni Kibaigwa. Zuio lilidumu siku chache tu kabla ya kugeuzwa kuwa masharti ya vyeti, lakini dalali niliyekuwa nimepatana naye aliitumia nafasi hiyo kunivunjia bei, akitangaza mbele ya watu kwamba mahindi ya kwetu ni sumu, kwa kuwa mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Naamini hadi leo kwamba mahindi yangu yalikuwa safi. Hata hivyo sumukuvu haionekani kwa macho, sikuwa na karatasi ya kipimo chochote mkononi, na yeye alikuwa na sauti kubwa. Akayachukua kwa bei aliyoitaka, tena kwa lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo.

Sijamsamehe, lakini tangu wakati huo sijapeleka mzigo sokoni bila kuupima unyevu. Januari hii alikuja mnunuzi mwenye kipimo chake cha unyevu, akakichomeka katika mfuko mmoja baada ya mwingine, kikasoma chini ya asilimia 13 kila mara, akalipa bei niliyoitaja bila maneno. Wale walionicheka mwezi Julai, walipokuwa wakiuza mahindi mabichi shambani ili walipe ada za shule, walikuwepo wakitazama. Nasema hivi kwa majivuno, na sioni haya.

Kwa hiyo, mkulima mwenzangu, anika. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo, kwa maana kuvu wanaotoa sumu hiyo wanaishi kwenye udongo. Geuza mara kwa mara, funika jioni kabla ya umande, ondoa punje zilizooza na zilizotobolewa, kisha anika tena. Tunamlaumu muuza mbegu, muuza mbolea, Serikali na mvua, ilhali wiki mbili za jua la bure baada ya mavuno tunazipoteza kwa kukimbilia mnadani. Aliyeshindwa kununua turubai asiniambie kwamba hakuwa na fedha, kama nilimwona akinunua simu mpya mwezi huo huo.

Asiyetumia mifuko hii ajue adui yake. Dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo katika magunzi, kwa hiyo pukuchua mapema. Dawa ya vumbi inayofaa ina viambato viwili, pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi, mdudu mwingine wa nafaka, na pemethrini kwa ajili ya dumuzi. Yenye kimoja tu itamwacha mmoja wao akila, nawe utadhani umeuziwa majivu. Soma lebo kabla ya kulipa. Dumuzi huishi pia ndani ya mbao na mihogo mikavu, kwa hiyo kihenge cha miti kilichoshambuliwa mwaka jana kikikaguliwa juu juu na kufagiwa tu, mavuno mapya yatawekwa moja kwa moja mdomoni mwake. Nguzo zilizotobolewa ziondolewe na kuchomwa kabla mahindi hayajaingia.