Mzimu ulimjia au mzimu alimjia?

SWALI: Naandika riwaya ya maisha ya kijijini. Niliandika "mzimu ulimjia bibi usingizini", mhariri akasahihisha kuwa "mzimu alimjia". Mbele kidogo akageuza "mizimu imekasirika" kuwa "wazimu wamekasirika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Tuanze na hilo la pili, maana ni jepesi. Wingi wa mzimu ni mizimu. Wazimu ni ugonjwa wa akili, nao huchukua U: wazimu umempanda. Msomaji akikuta "wazimu wamekasirika" atadhani umekusudia wendawazimu. Rudisha mizimu yako.

La kwanza lina kina zaidi. Mhariri ameshika kanuni kwamba kiumbe chenye uhai hupatanishwa kwa A-WA hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine: kiboko amezama, mitume walitumwa. Kanuni ni ya kweli, lakini mzimu una maana mbili.

Maana moja ni mahali: mbuyu, pango au gofu ambako watu huenda na chetezo cha ubani na kufunga vitambaa vyeupe na vyekundu. Hapo A haiingii kabisa. Tunasema "mzimu ule uko nyuma ya shamba". Katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale (1960), mzimu ni mahali. Wengi siku hizi hulisoma jina hilo wakafikiri ni roho, na sarufi haiwasaidii, kwa sababu "wa" hufaa U na hufaa A vilevile.

Maana nyingine ni roho ya marehemu wa ukoo. Wazee husema "mizimu imekasirika", na husema vizuri: wanaizungumzia kama nguvu moja isiyo na uso. Mwandishi akiipa roho sauti na miguu, mambo hubadilika: "mzimu akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba maji." Hapo A ndiyo inayofaa. Hata hivyo uhai peke yake hauamui kila kitu. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha": zimwi linajua, linakula, na bado ni LI, kwa kuwa LI inabeba ukubwa wake na kitisho chake.

Basi tazama bibi yako aliona nini. Ikiwa alihisi uzito kifuani tu, "ulimjia" ibaki, na hapo mhariri amekuharibia sentensi. Ikiwa alimtambua babu yake kwa kofia na kikohozi, andika "alimjia". Kinachovuruga ni kuchanganya: "mzimu ulimjia, akamwambia." Msomaji atatafuta mtu wa pili chumbani. Ukitaka kuvuka kutoka nguvu kwenda mtu, kata sentensi: "Mzimu ulimjia. Alikuwa babu yake, na kofia yake ileile."

Ukiwa bado unapitia mswada, angalia pia "kuzimuni". Ku- imekwisha kuonyesha mahali, kwa hiyo kuzimu inatosha; mzimuni ni sawa, maana yake penye mzimu. Tena usiandike kafara pale wanapotambika. Kafara hutolewa kuondoa balaa. Tambiko ni la kuwaomba wahenga radhi au kuwashukuru. Mbuzi anaweza kuwa yuleyule, lakini mzee wa ukoo katika riwaya yako hawezi kuyachanganya maneno hayo mawili.