DS Inamsaidia Nini Mhandisi?

Kila vyuo vinapofunguliwa napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa wadogo zangu wanaoanza uhandisi: "Dada, hivi hii DS inatusaidia nini sisi? Si watuache tusome hesabu?" DS ni Taaluma za Maendeleo, kozi ya pamoja kwa wanafunzi wa fani zote. Huwa najibu kwa kifupi kwa sababu ya kazi. Swali lenyewe linastahili jibu refu, na leo nimepata nafasi.

Nilisoma uhandisi wa ujenzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazazi walinilea vizuri na dini nilifundishwa, lakini kujua hasa ni jambo gani siko tayari kulikanyaga, hata kama linanigharimu, hilo nililijulia darasani. Tena mara nyingi ilikuwa kwenye kozi ambazo nisingezichagua mwenyewe.

Kwenye DS nitafika, kwanza chukua upimaji. Mnapewa levo (darubini ya kupimia usawa), stafu (fimbo ndefu yenye vipimo) na kitabu cha kuandikia vipimo, mnatoka na kikundi chenu. Mnaanzia kwenye alama ambayo kimo chake kinajulikana, mnazunguka mkisoma stafu kituo hadi kituo, kisha mnarudi palepale mlipoanzia. Kimo mnachorudi nacho kinatakiwa kiwe kilekile. Kwa kawaida hakiwi kilekile kabisa, ndiyo maana kuna kosa linaloruhusiwa: kwa mzunguko wa kilomita 1, katika kazi za kawaida, ni kama milimita 12. Sisi tulifunga na tofauti ya zaidi ya milimita 40. Jua la saa nane, njaa inauma, na mwenzetu mmoja aliyekuwa hodari sana wa hesabu akasema hakuna haja ya kuhangaika, tukibadilisha namba za vituo viwili tu kila kitu kitafunga. Chuoni tunaita kupika data, na zikipikwa vizuri hata msahihishaji haoni.

Sasa, kitabu kile hakifutwi kwa raba. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya namba, unaandika iliyo sahihi, na ile ya kwanza inabaki inasomeka. Tulipoambiwa hivyo niliona ni utaratibu wa usafi wa daftari tu. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nimeshika penseli, na nikaelewa kwa nini utaratibu ule upo: ili aliyepima aonekane alikosea wapi, na aaminiwe kwa hilo. Tulibishana mpaka sauti zikapanda. Mwisho tukarudi kupima upya, tukapata alama za kawaida, na hakuna aliyetusifu.

Nilipokaa hosteli usiku ule nilijiuliza kilichonikera ni nini. Haikuwa woga wa kukamatwa, maana nilijua hatungekamatwa. Ilikuwa ni kumfikiria mtu mwingine, miaka ijayo, anachimba mtaro kwa kuamini namba yangu, na mvua ya masika inapiga maji yanaelekea sebuleni kwa watu. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Kila nikipita mtaa ule nakumbuka kwamba fani yetu ni namba zinazobeba watu. Hakuna semina ya "jitambue" iliyowahi kunionyesha hilo kama levo ilivyonionyesha.

Tuje kwenye DS yenyewe. Wengi mnaiona ni kozi ya kupiga stori, mnaisoma kwa madesa, zile notsi za kurithiana, wiki moja kabla ya mtihani. Ni vizuri mjue ilikotoka. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyokata sehemu kubwa ya mshahara wao. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mjadala ukahamia chuoni: msomi anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima ana deni gani kwa mkulima huyo? Kozi za pamoja kwa wanafunzi wa fani zote zilikomaa ndani ya mjadala huo, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Unaweza kuukataa upande wa Mwalimu au upande wa wale wanafunzi, mimi mwenyewe naona kila upande ulikuwa na hoja. Lakini ukiingia kwenye darasa lile ujue unaingia katikati ya ugomvi kuhusu kile ambacho msomi anapaswa kukithamini, na unatakiwa useme umesimama wapi.

Katika semina moja tulikuwa tunazungumzia barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la pembeni linalotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ndiyo maana mkisafiri mnaona nyumba zimepigwa X nyekundu na nyingine X ya kijani. Ya kijani ni yule ambaye barabara imemfuata, anastahili fidia. Nyekundu ni yule anayehesabiwa ameifuata barabara. Tuliieleza vizuri, kama watu wa ujenzi. Kisha mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, akasema kwao wana X ya kijani. Hela, alisema, baba yake angeweza kuisubiri. Kilichomuumiza mzee ni kwamba waliopaka ile rangi walikuja wakati hakuna mtu nyumbani, na aliporudi kutoka shamba akaukuta ukuta wake umeandikwa, na hakuna aliyerudi kumweleza chochote.

Darasa lilitulia. Mimi nilitoka pale nikiwa na jambo moja la uhakika: kazi yoyote nitakayofanya, mwenye nyumba ataelezwa kabla ya rangi. Hadi leo ndivyo ninavyofanya, na lina gharama yake. Kuna makandarasi wanaoniona nachelewesha kazi kwa vikao na wanakijiji. Wanasema kweli, nachelewesha.

Kozi nyingine sitazieleza kirefu. Mikataba ilinifundisha kusoma kabla ya kuweka sahihi. Ujasiriamali ulinionyesha kwamba sina hamu ya kumiliki kampuni, na kulijua hilo mapema kumenipa utulivu mkubwa. Mawasiliano ilinisaidia kuandika barua.

Ushauri wangu sasa. Nunua daftari dogo, tofauti na la notsi. Ukitoka darasani usiandike ulichofundishwa, andika kilichokupandisha hasira, au kile mlichoendelea kubishania njiani hadi hosteli za Mabibo wakati hakuna anayetoa alama. Andika na bei yake: ilikuwa ni lazima upoteze nini ili usimame hapo? Nasisitiza hili la bei, kwa sababu kila mtu ukimuuliza atakwambia anathamini uaminifu na haki. Kwenye orodha, thamani zote ni bure. Baada ya muhula utaona mambo mawili matatu yanajirudia, na yanaweza kukushangaza.

Halafu yapeleke PT, yale mafunzo kwa vitendo. Site ndiko utakakojua kama ulichoandika ni chako au ni maneno ya darasani tu, pale unapoambiwa ujaze matokeo ya kipimo cha nguvu ya zege la siku 28 wakati siku 28 hazijafika.

GPA, yaani wastani wa alama zako, sikwambii uidharau, maana waajiri wengi wanaanza kuitazama hiyo. Ila ukipewa nafasi ya kozi ya hiari, usichague kwa kuuliza nani anagawa A. Nenda kakae nyuma ya darasa wiki ya kwanza, kabla ya kusajili, usikilize. Chagua ile inayokufanya utake kunyoosha mkono. Historia, falsafa, fasihi, jinsia, mazingira, yoyote.

Na kama ratiba yako haina nafasi hata moja, na najua ya uhandisi ilivyobana, basi angalia matangazo ya Ukumbi wa Nkrumah hapo Mlimani. Mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere na mingine mingi ya hadhara hufanyika pale. Hakuna mahudhurio wala mtihani, na nafasi ya maswali ikifunguliwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kumuuliza profesa chochote.