Maswali ya Wasomaji: Ramani za mtandaoni wakati wa maafa

Swali: Mafuriko yalipotokea, kundi letu la kujitolea lilifungua ramani mtandaoni na kuwaomba watu waweke alama penye uhitaji. Ramani ilijaa upesi, lakini magari matatu yalifika nyumba moja, na kuna mtaa haukufikiwa na mtu. Tulikosea wapi?

Jibu: Ramani yenu ilikuwa na mahali pa kuombea msaada, lakini haikuwa na mahali pa kusema msaada uko njiani au umeshafika. Alama ya jana asubuhi ilionekana sawasawa na ya dakika kumi zilizopita, na kila dereva aliyeiona akaondoka.

Ipeni kila alama hali yake: mpya, imethibitishwa, imechukuliwa, imekwisha. Hiyo ya tatu ndiyo inayookoa mafuta. Kabla gari halijawashwa, mratibu aandike jina la timu na saa ya kuondoka. Wekeni na kikomo cha muda, tuseme saa mbili tangu kuondoka. Timu ikiwa kimya kupita hapo, mratibu aipigie, na isipopatikana alama irudi kwenye zilizothibitishwa. Bila kikomo hicho, gari likikwama njiani mtu atabaki anasubiri huku ramani ikionyesha ameshapata wa kumhudumia.

Fomu iwe fupi: kinachohitajika, idadi ya watu, maelezo ya mahali kwa maneno, namba ya simu, na saa. Ongezeni swali moja ambalo wengi hulisahau: umeona mwenyewe au umesikia? Ujumbe uliosambazwa kwenye makundi mara mia bado ni taarifa moja. Mthibitishaji apige simu. Simu isipopatikana, atafute taarifa ya pili kutoka kwa mtu asiyehusiana na wa kwanza. Ila pale maisha yapo hatarini msisubiri uthibitisho. Wapigieni waokoaji kwanza, ramani ifuate.

Taarifa tano za nyumba moja ziunganisheni, msizifute. Moja itakuwa na namba ya simu, nyingine itataja mzee asiyeweza kutembea. Namba za simu na majina visionekane kwa umma hata kidogo, kwa sababu ramani inayoonyesha nyumba zilizohamwa inasomwa na wezi pia.

Ushahidi, programu huria iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, inawawezesha wasimamizi kupitia taarifa kabla hazijaonekana kwa umma. Kwa kundi dogo, jedwali la pamoja mtandaoni lililounganishwa na ramani linatosha, mradi kila zamu iwe na mpokeaji, mthibitishaji na mratibu wa magari.

Sasa ule mtaa uliosahaulika. Ramani ya taarifa huonyesha mahali penye simu zenye chaji na mtandao. Eneo lililoathirika vibaya zaidi mara nyingi ndilo lisilo na alama hata moja, kwa sababu mnara umeanguka au umeme umekatika. Kila asubuhi mratibu atazame sehemu tupu ndani ya eneo la maafa na atume watu wakaangalie kwa macho. Msiache kazi hiyo hata siku moja.

Swali: Baadhi ya alama zetu zimeangukia nchi nyingine kabisa, na chache zipo baharini. Simu za watu ni mbovu?

Jibu: Simu ni nzima, namba za mahali ndizo zimeandikwa vibaya. Chukueni namba za Dar es Salaam: latitudo (kaskazini au kusini mwa ikweta) -6.8 na longitudo (mashariki au magharibi) 39.2. Ukizipindua, ya pili ikatangulia, alama inaangukia Uhispania. Ukidondosha ile alama ya kutoa, inaangukia Ethiopia. Na fomu iliyoachwa wazi ikisomwa kuwa sifuri na sifuri, alama inakwenda Ghuba ya Guinea.

Msiwaombe watu waandike namba; waguse ramani au watume mahali walipo kutoka kwenye simu. Zikilazimika kuandikwa, tarakimu tano baada ya nukta zinatosha, kwani ya tano ni kama mita moja. Mbili tu zinaweza kukupoteza kwa nusu kilomita na zaidi. Na muulizeni mtumaji kama yuko hapo hapo penye uhitaji, maana wengi huripoti habari za ndugu zao wakiwa mji mwingine, na simu hutuma mahali alipo yeye.

Swali: Niko mbali na eneo la maafa. Naweza kufanya lolote?

Jibu: Ndiyo. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu waliokuwa nchi nyingine walichora barabara za mji mkuu, Port-au-Prince, kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri, kwa kutumia picha za setilaiti. Wahaiti waishio ng'ambo nao walitafsiri jumbe za simu kutoka Krioli, lugha ya Haiti, na kutambua mitaa iliyotajwa, kazi ambayo mgeni asingeiweza.

Miradi ya Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika linaloratibu uchoraji huo wakati wa maafa, hugawa eneo katika miraba. Unachukua mmoja, unachora, kisha mwenye uzoefu anaukagua. Soma maelekezo ya mradi kwanza: kama wameomba barabara, usipoteze muda kwenye nyumba. Tumia picha waliyoitaja, wala usinakili kutoka Google Maps, leseni hairuhusu. Chora msingi wa jengo, si paa, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa pembeni hulaza majengo marefu. Ukikuta nyumba zote zilizochorwa zamani zimesogea upande mmoja, picha ndiyo imehama. Ilinganishe picha na ramani, usiguse nyumba. Mraba ukikushinda katikati, hifadhi ulichochora na uuachie mwingine, kwani ukibaki umefungwa kwa jina lako hakuna atakayeweza kuumalizia.