Kuhamia Kidlington: usafiri, daktari na mahali pa kutembelea

Ndugu, umeuliza kama familia inaweza kuishi Kidlington, kaskazini ya Oxford, bila gari. Inawezekana kabisa. Ni kijiji kwa jina tu: sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya 13,000, na mabasi ya Oxford hupita mara kwa mara.

Kwenye treni ndipo wageni hukosea. Stesheni ya zamani ya kijiji ilifungwa 1964. Inayotumika sasa ni Oxford Parkway, iliyofunguliwa 2015, nayo iko pembezoni upande wa kusini, kwa hiyo pima umbali kabla hujasaini mkataba wa nyumba. Treni zake za London huishia Marylebone, si Paddington; tazama tiketi yako vizuri. Na uwanja wa ndege ulio jirani usikudanganye. Kwa safari za Nairobi au Dar, panda basi la Heathrow kutoka Oxford mjini.

Jiandikishe kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, usingoje kuugua. Ni bure, na kisheria huhitaji hati ya makazi wala kitambulisho. Mapokezi wakikuambia vinginevyo, waeleze hivyo kwa upole. Taka ziulizie halmashauri ya Cherwell, shule uliza ya kaunti ya Oxfordshire. Jumapili maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu, basi nunua mapema.

Watoto wapeleke kwenye mfereji wa Oxford, uliofika mjini 1790, na kanisa la St Mary, lenye mnara mwembamba uitwao Sindano ya Bibi Maria.