Kila nikifika mwinuko wa KCMC nashuka nasukuma

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za kupanda na kushuka vilima na baiskeli mpaka nimeamua safu nzima iwe ya vilima tu, mliouliza habari za matairi mnisubiri. Maswali nimeyafupisha kidogo na majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Moshi, miaka 34, watoto wawili. Mwezi wa nne nilinunua baiskeli ya mtumba niwe naenda nayo kazini, naishi huku chini Majengo na kazini ni juu maeneo ya hospitali ya KCMC. Kurudi jioni ni raha, naserereka tu. Asubuhi sasa! Mwinuko ukianza miguu inawaka moto hapa juu ya magoti, nahema kama mgonjwa, nashuka nasukuma huku wanafunzi wa mguu wananipita. Mume wangu anasema sina stamina nianze kukimbia kwanza. Nifanye mazoezi gani nipate nguvu? *Mama Wawili, Moshi*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya mazoezi nijibu kwanza, ukikaa kwenye siti miguu yote miwili inagusa chini nyayo nzima? Naweka dau bakuli la mtori kwamba umesema ndiyo.

Maana sisi wanawake tukinunua baiskeli kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kushusha siti mpaka mwisho, anakwambia "ili mama usiogope", na sisi tunamshukuru na hela ya soda tunampa. Sasa siti ikiwa chini goti halinyooki, unapedali umejikunja kama umechuchumaa, hebu panda ngazi za ghorofa umechuchumaa uone kama utafika ya pili. Huo moto wa juu ya magoti ndo huo. Mwambie baba watoto stamina aiache kidogo, kwanza mtafute spana.

Egemeza baiskeli ukutani, kaa kwenye siti, zungusha pedali moja mpaka ifike chini kabisa halafu weka kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kulalia upande. Ukija kuendesha unakanyaga na sehemu ya mbele ya unyayo, hapo goti linabaki limekunjika kidogo tu na ndo tunachotaka. Usipandishe yote siku moja, panda sentimita moja, zoea siku tatu nne, panda nyingine, na kwenye bomba la siti kuna mstari umechorwa, usiupandishe mpaka ukaonekana nje ya fremu.

Najua unachowaza, "nitasimamaje sasa na miguu haifiki chini?" Hapo ndo penye kazi yenyewe na ndo maana wengi wanarudisha siti chini. Ukisimama hukai kwenye siti. Unatoka mbele yake, mguu mmoja chini, mwingine umebaki kwenye pedali. Kuondoka kilimani ni hivyohivyo kinyume chake, breki zote umeshika, pedali moja umeiweka juu kidogo mbele kama mshale wa saa nane, unaikanyaga mpaka mwili unanyanyuka na hapohapo unaachia breki, ukishatembea ndo unakaa. Mi nilijifunza baiskeli nina miaka 38, uwanja wa shule ya msingi jioni za Jumapili, nilirudia kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, mpaka mtoto wa jirani akaniuliza shangazi baiskeli imeharibika? Lakini baada ya hapo woga wa kilima ulipungua nusu, maana kumbe nilichokuwa naogopa siyo kuchoka, nilikuwa naogopa kuchoka nikiwa mahali ambapo siwezi kusimama vizuri nikaanguka mbele za watu.

Gia nazo. Sahau namba zinawachanganya bure, kumbuka cheni ikiwa kwenye duara dogo mbele na duara kubwa nyuma ndo gia nyepesi. Ibadilishe KABLA mwinuko haujaanza, wakati miguu bado inazunguka kirahisi, ukingoja mpaka umebanwa unakanyaga kwa nguvu zote cheni inagoma au inaruka. Mi iliniruka mbele ya kijiwe cha bodaboda nimevaa blauzi nyeupe ya ofisini, nikairudisha kwa vidole wananiangalia tu, mmoja akasema "mama leo umepika nini". Kama yako ni zile za kikapu zenye gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, zile unaacha kukanyaga sekunde moja, unabadilisha, unaendelea. Na kama haina gia kabisa muulize fundi akubadilishie frii-wili, lile duara la meno la nyuma, aweke yenye meno mengi zaidi, mathalani kutoka 18 kwenda 22, utaona tofauti asubuhi hiyohiyo, ila sehemu tambarare itakuwa taratibu kidogo.

Sasa tukishamaliza hayo ndo tuje kwenye nguvu. Kosa letu tukiona kilima tunakikimbilia, tunakanyaga kwa hasira chini pale ili tupate mwendo, ikifika katikati pumzi imekwisha. Anza taratibu mpaka uone aibu. Kama huwezi kusema sentensi nzima, "kaka nipishe nipite tafadhali", bila kukata katikati, unaenda mbio kuliko uwezo wako wa leo, punguza. Halafu hesabu nguzo za umeme. Wiki hii umepanda nguzo sita ndo ukashuka, sawa, simama uhema dakika mbili, panda tena uendelee, usisukume mpaka juu. Wiki ijayo jaribu nane. Siku tatu kwa wiki zinatosha na ziachane, asubuhi nyingine panda daladala bila kujilaumu, misuli inajengeka ukiwa umepumzika.

Na ujue Moshi hamna pa kukimbilia, kila ukielekea mlimani unapanda. Mjini ni mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari, lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro ni 1,800 na ushee, hiyo yote ni miteremko ya mlima uleule. Wewe kipande chako ni kidogo sana cha hiyo ngazi.

Ukipata bando tafuta marudio ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani ya Kigali, Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanawake wa daraja la juu zilikuwa kilomita 164 hivi, vilima mwanzo mwisho pamoja na kile cha mawe cha Kimihurura, akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Kasi yao achana nayo. Angalia miguu tu inavyozunguka harakaharaka kwenye gia nyepesi. Hicho ndo cha kuiga.

SWALI: Habari yako. Mimi ni wa Ngong, niko na baiskeli ya gia ishirini na moja na tuko wamama watano huendesha kila Jumamosi. Kupanda nimeanza kuweza, shida yangu ni kuteremka. Juzi tulipita Corner Baridi barabara ya Magadi, ule upande wa kushuka bondeni nilishikilia breki mpaka vidole vikafa ganzi, lori ikinipita natetemeka mwili mzima. Wenzangu waliningoja huko chini wakicheka. Niache hizi vilima nikae tu tambarare? *Wa Ngong*

JIBU: Usiache, lakini pale Corner Baridi siyo mahali pa kujifunzia kushuka, hata hao wenzako nawashangaa. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea feri.

Kwanza vidole. Baiskeli nyingi vyuma vya breki vimewekwa mbali kwa vidole vya mwanaume, sisi tunavifikia kwa ncha, ndo maana mkono unakufa. Angalia pale chuma kinapoungana na usukani, mara nyingi kuna kaskrubu kadogo sana, ukikakaza chuma kinasogea karibu. Dakika moja, na kama hukaoni muonyeshe fundi. Vidole viwili vinatakiwa vishike breki bila kujinyoosha huku vingine vimeshika usukani. Kuna wanawake wawili niliwasogezea hivyo wakaniambia mbona sijaambiwa miaka yote.

Pili, usishikilie moja kwa moja. Bana, punguza mwendo, achia, bana tena. Ukishikilia njia nzima rimu inapata moto, mpira wa breki unachoka na mkono nao unachoka, kwahiyo pale utakapozihitaji kweli hazipo. Tumia zote mbili. Ile ya mbele ndo yenye nguvu zaidi, wengi mmeambiwa msiiguse kabisa mtapinduka, si kweli, unaibana kidogo kidogo huku umesogeza makalio nyuma ya siti na mikono imelegea kwenye viwiko. Pedali zako ziwe usawa mmoja, moja mbele moja nyuma. Mwendo unaupunguza kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Na macho yaangalie mbali, pale unapotaka kwenda, ukikodolea shimo utaingia kwenye shimo, sijui kwa nini ila ndo ilivyo.

Malori: usijibanze kabisa kwenye ukingo wa lami, huko kuna changarawe na ukiyumba huna pa kwenda. Kaa kama mita moja ndani uonekane. Lori likikupita upepo unakusukuma kwanza halafu unakuvuta, ukijua hivyo mapema hushtuki, shika tu usukani imara bila kukakamaa.

Kwa sasa tafuta mteremko mfupi usio na magari, hata wa mita hamsini, ambao chini unaishia tambarare. Shuka mara kumi. Mara mbili za kwanza simama kabisa katikati, ujue unaweza kusimama. Kundi likienda tena Magadi omba wewe utangulie kushuka na wao wafuate, anayeogopa akibaki nyuma peke yake anajilazimisha kuwakimbiza, na hapo ndo watu wanaumia. Wakikataa wewe ishia Kiserian unywe chai uwangojee.

SWALI: Mi nina kilo 94 niko Mwanza, nipungue kwanza ndo nianze baiskeli? Nakaa karibu na Bugando, kilima tupu. *Bibi Harusi Mtarajiwa*

JIBU: Hapana, anza. Ni kweli kilima kinahesabu kila kilo maana unaibeba juu, ila huko kupungua unakokusubiri ndo baiskeli yenyewe itakusaidia. Miezi miwili ya mwanzo teremka na baiskeli mkononi, uendeshe barabara ya kuelekea Airport, imenyooka nyooka, urudi kwa kusukuma. Jaza upepo wa kutosha, mwambie fundi akaze spoku za nyuma, na kile kikapu usikijaze viazi. Hongera ya harusi.

SWALI: Dada mi wa Mbeya, miaka 27. Miezi minne sasa napanda vilima na wenzangu, wao wanazidi kuwa na nguvu mi nazidi kuisha. Moyo unadunda hata nikipanda ngazi za ofisini, wakati mwingine kizunguzungu. Siti iko sawa, gia natumia. Hedhi yangu ni siku saba na inatoka nyingi, sijui kama inahusika. *Nimechoka*

JIBU: Inaweza kuhusika sana mdogo wangu na nashukuru umeisema. Pumzika na vilima, nenda hospitali uwaambie wakupime wingi wa damu, na hiyo hedhi itaje bila kuona haya. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania walikuwa na upungufu wa damu, yaani kwenye kundi lenu la watu kumi huenda mko wanne au watano na kila mmoja anadhani ni mvivu. Damu ndo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli, ikipungua kilima kinakuwa kirefu hata ufanye mazoezi namna gani. Kwa mwanamke asiye mjamzito kipimo cha wingi wa damu kikiwa chini ya 12 (gramu kwa desilita) daktari atakuambia cha kufanya, vidonge usijinunulie mwenyewe dukani kabla ya kupima.

Chakula kinasaidia pia, maini, dagaa, maharage, mboga za majani ukikamulia limao au ukila na chungwa. Chai sasa, najua Mbeya kwa baridi ile chai haikwepeki, lakini ukiinywa pamoja na chakula inazuia madini chuma yasiingie mwilini, kunywa saa moja au mawili baadaye.

Siku ya kwenda kupima baiskeli iache nyumbani, panda daladala.