Omba karatasi, usiombe maelezo: nilivyopata rekodi za mradi wa zahanati yetu

Wodi ya kina mama kwenye zahanati ya kwetu ilijengwa ikafika linta ikaachwa, miaka miwili nyasi zinaota mle ndani, na kila tukiuliza kwenye baraza tunaambiwa pesa haijatoka Nairobi. Mimi nikachoka kuuliza kwa mdomo, nikaandika barua.

Ya kwanza niliikosea. Kurasa mbili nzima nimemwaga uchungu, kwa nini mradi umekwama, nani amekula, kina mama wanajifungulia njiani kwenye bodaboda na nyinyi mpo tu. Yote kweli kabisa, lakini jibu likaja mistari mitatu eti suala lako linashughulikiwa. Manake swali la "kwa nini" mtu wa ofisi analijibu anavyotaka, lakini ukimwomba mkataba, mkataba ama upo ama haupo.

Ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Juu kabisa nikaandika naomba habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Nikataja jina la mradi vile lilivyoandikwa kwenye ubao wa saiti, namba ya tenda, na mwaka wa fedha. Halafu nikataja karatasi moja moja: mkataba uliosainiwa, BQ (ile orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake), vyeti vyote vya malipo aliyolipwa kontrakta na tarehe zake, minitsi za mikutano ya saiti, na barua yoyote ya kumuongezea muda. Basi, hata neno la lawama hakuna. Niliandika kwa Kiswahili, sheria inaruhusu Kiswahili ama Kiingereza, na kama mzee wako hajui kuandika anaweza kueleza kwa mdomo na ofisa ndo anatakiwa kumuandikia.

Nikaambatisha kopi ya kitambulisho, kwa sababu haki hii ni ya raia, nikapeleka mwenyewe masjala nikiwa na kopi mbili. Hapa tafadhali usikubali kuondoka bila muhuri wenye tarehe kwenye kopi yako, hata wakikuambia bosi wa muhuri ameenda lanchi, mngoje, manake siku zinahesabiwa kutoka barua ilipopokelewa na bila ule muhuri huna pa kuanzia. Kuandika ombi ni bure. Wanaweza kukutoza gharama ya kutoa kopi tu, na isizidi gharama yenyewe.

Karani akaniuliza, "Mama, hizi unazitakia nini?" Nikamjibu kwa heshima kwamba sheria hainidai sababu. Ni kweli, haki yako haipunguzwi na sababu uliyotoa wala na vile wao wanavyokufikiria.

Wana siku 21 za kukujibu. Wanaweza kuongeza 14 mara moja tu, kama habari ni nyingi au lazima waulize kwingine. Ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Wakinyamaza hadi siku ziishe, hicho kimya kinahesabika wamekukatalia, na hapo unaenda kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, kuomba uamuzi upitiwe, ukiwa na siku 30. Ofisi ile ina uwezo wa kuamuru habari itolewe kama imefichwa kinyume cha sheria. Mimi siku ya 22 nilishaanza kuandika kwao ndo nikapigiwa simu nije nichukue bahasha.

Si zote zilikuwemo, minitsi hazikuwepo. Lakini mkataba ulikuwepo, na vyeti viwili vya malipo, vyote vimeshalipwa, cha pili kimelipwa miezi kabla ya baraza ile tuliyoambiwa pesa haijatoka. Nililia, sitaficha, nilikaa pale kwenye benchi nje ya ofisi nikalia kwa sababu ya wale kina mama.

Baraza iliyofuata nikasimama nikasoma tarehe za malipo kwa sauti, moja baada ya nyingine, na jina la Nairobi halikutajwa tena. Mafundi wamerudi, mbao za paa zimeshaletwa. Minitsi bado nazidai, barua ya tatu imepigwa muhuri juzi, na jirani yangu ameniomba kopi ya ile ya pili abadilishe jina la mradi, yeye anataka karatasi za bomba la maji.