Maswali ya wasomaji: Wanafunzi na miradi ya kijiji

Shikamoo Mhariri. Sisi ni klabu ya afya ya shule ya sekondari hapa Kiryandongo, Uganda. Muhula uliopita tulijenga vibuyu chirizi vya kunawia mikono, yaani vidumu vinavyoning'inia kwenye nguzo na kuinamishwa kwa kanyagio la mguu, katika kaya 20 jirani na shule. Tuliporudi kutoka likizo, vilivyokuwa vinafanya kazi havikuzidi vitatu. Je, wanakijiji hawapendi usafi? – Mwanafunzi wa S.2 (kidato cha pili)

Marahaba. Msianze na lawama, anzeni na kamba. Kamba ya kanyagio ndiyo hukatika kwanza, hasa ikiwa ni ya katani, kwa kuwa hulowa na kukauka kila siku hadi ikaoza. Tumieni nailoni. Kanyagio lining'inie kama sentimita 15 kutoka chini. Likiwa juu zaidi, mtoto mdogo halifikii. Likigusa ardhi, kidumu hakiinami.

Baada ya kamba huja mchwa. Nguzo mbili za panda zenye urefu wa mita 2, zikifukiwa nusu mita na kuachana sentimita 70, hutosha kabisa, lakini sehemu inayoingia ardhini ipakwe oili chafu ya gari na iachwe ikauke kabla ya kufukiwa.

Halafu kuna tundu. Kwa kidumu cha lita 5, toboeni kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko. Watu hulalamika kwamba maji yanatoka kidogo kisha yanakata, wakadhani tundu limeziba, wakalipanua, na kidumu kikawa kinaisha kabla ya saa sita mchana. Kumbe kilichokosekana ni hewa. Toboeni kitundu kingine kidogo juu, upande wa mshikio, maji yatatiririka bila kukatika. Chini mwageni kokoto ili pasiwe na tope.

Sabuni ya kipande huliwa na kuku au huchukuliwa. Gramu 30 za sabuni ya unga katika chupa ya maji ya lita 1.5, yenye tundu kwenye kifuniko na kufungwa kwenye nguzo, hudumu zaidi na haimshawishi mtu kuibeba.

Ila hayo yote ni ya ufundi. Swali kubwa zaidi ni hili: Desemba, nyinyi mkiwa kwenu, kamba ikikatika nani anaifunga? Mlijenga vyote kwa mikono yenu, na wenye nyumba wakabaki watazamaji. Safari hii nendeni na msumari, kipimo na kidumu kimoja cha mfano, kila kaya ijenge chake mbele yenu. Wahudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, hupita nyumbani kwa watu hata shule zikifungwa. Waombeni wakague vibuyu katika ziara zao. Mkifanya kaya sita kwa namna hiyo, mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko ile ya 20.

Mhariri, wanafunzi wangu wanataka kujengea chemchemi iliyo chini ya mlima, wanakijiji wanachota kwenye dimbwi pamoja na ng'ombe. Tuanzie wapi, na wanafunzi wafanye kazi gani? – Mwalimu, Kasese

Mwalimu, anzeni na karatasi kabla ya jembe. Mwenye shamba aandike kwamba ameruhusu chemchemi na njia ya kuifikia vitumike na wote, asaini mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na mashahidi, ipigwe muhuri. Bila hiyo, shamba likiuzwa au kurithiwa, ukuta wenu unaweza kuzungushiwa uzio wa mtu mmoja. Kisha mwoneni afisa wa maji wa wilaya. Mara nyingi chemchemi hukaa pembeni mwa ardhi oevu, na huko huchimbi kwa kujiamulia.

Kazi ya kwanza ya wanafunzi ni kupima, tena wakati wa kiangazi. Zibeni dimbwi kwa udongo wa mfinyanzi, pitisheni kipande cha bomba, na mhesabu sekunde za kujaza jerikeni ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 80, mna lita 15 kwa dakika, yaani jerikeni 45 kwa saa. Kwa makadirio ya lita 20 kwa mtu kwa siku, mtajua hapo hapo kama inatosha kaya zilizopo. Tazameni pia mlimani: choo chochote kilicho juu ya chemchemi ndani ya mita 30 lazima kihamishwe, la sivyo mtakuwa mnajenga bomba la maji machafu.

Ukuta ajenge fundi aliyewahi kujenga chemchemi. Hapa wengi hubana pesa na hujuta. Fundi wa nyumba atafukua, atajenga ukuta imara, halafu ataweka bomba juu ili pawe na nafasi nzuri ya jerikeni. Maji yakilazimishwa kupanda juu ya jicho lake la asili, yaani pale yanapotokea ardhini, hutafuta njia nyingine, na baada ya miezi michache yanatokea shambani kwa jirani huku bomba limekauka. Bomba likae chini ya kimo cha jicho. Nafasi ya jerikeni, ambayo ni kama nusu mita, ipatikane kwa kuchimba mbele na kujenga ngazi za kushukia. Mtaro wa kutoa maji yanayomwagika uwe na mteremko wa kutosha, vinginevyo watu watachota wakiwa wamesimama kwenye tope.

Nyuma ya ukuta jazeni mawe yaliyooshwa, yasipite kimo cha jicho. Juu yake karatasi ya plastiki, kisha udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa vizuri, kisha udongo wa kawaida na majani. Muda wote wa ujenzi maji yawe na bomba la muda la kupitia. Msiyazibe hata usiku mmoja. Saruji ifunikwe magunia na kumwagiliwa siku 7.

Wanafunzi wabebe mawe, waoshe, wachimbe mtaro wa kukinga maji ya mvua mita chache juu ya chemchemi, wapande majani na wajenge uzio wa kuzuia ng'ombe. Wasiingie kwenye shimo linalopita kiuno, kwa sababu udongo uliolowa huporomoka bila kutoa ishara. Na tafadhali wasipande mikaratusi hapo. Hunywa maji mengi, na mizizi ya mti wowote mkubwa hupasua ukuta.

Hata baada ya kazi nzuri hiyo, maji ya kunywa yachemshwe, maana jerikeni yenyewe huwa chafu. Kamati ya wanakijiji, si klabu, ndiyo ishike zamu ya kuzibua mtaro.

Binti yangu yuko S.3. Kila Ijumaa wako kijijini na majembe. Hii itamsaidia mtihani? – Mzazi, Mbale

Inaweza. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unataka wanafunzi wafanye miradi, na kazi zinazopimwa shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE (cheti cha mwisho wa sekondari ya chini), mtihani asilimia 80. Lakini jembe peke yake halina alama. Mwulize kama ana daftari lenye tatizo, vipimo vya kabla na baada, gharama, na kilichoshindikana. Kama hana, zungumza na mwalimu wake muhula huu.

Klabu yetu inatengeneza mkaa mbadala kwa maganda ya matoke (ndizi za kupika) ili akina mama wa mtaani wauze. Unatoa moshi, na vitofali vinavunjika mfukoni. – Mwanafunzi, Kampala

Moshi una maana kwamba maganda hayakuiva kuwa mkaa, au vitofali havijakauka. Vunja kipande kutoka kwenye pipa: kikiwa cha kahawia ndani, kirudishe. Anikeni maganda hadi yakatike kwa mlio, yachomeni kwenye pipa lenye hewa kidogo, na moshi mzito mweupe ukipungua zibeni kila tundu kwa udongo hadi pipa lipoe. Mkichelewa kuziba mtapata majivu.

Kuvunjika ni upungufu wa gundi. Kwa kilo 10 za unga wa mkaa uliochekechwa, pikeni uji wa muhogo wa nusu kilo hadi kilo moja ya unga. Mimineni kidogo kidogo huku mkikanda. Finyanga tonge: likisimama bila kuchuruzika maji, acheni hapo. Anikeni juani juu ya chanja siku 3 hadi 5 mkivigeuza. Vikianikwa kivulini huota ukungu. Wengine huongeza udongo ili kilo zipande. Mteja hugundua siku ya kwanza anapozoa majivu.

Waambieni wateja jambo moja kila wanaponunua: kutokuwa na moshi si kutokuwa na sumu. Jiko lenye mkaa huu lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, wala lisiachwe ndani watu wakilala.